Maziwa ya Flagey na Kibuyu cha Bibi



Jumamosi asubuhi wengi wetu tunaoishi Ixelles hushuka sokoni Flagey. Pale, mbele ya lile jengo la njano lililofunguliwa mwaka 1938 kuwa nyumba ya redio, huuzwa jibini ya ng'ombe, ya mbuzi na ya kondoo. Siku moja tulifuatana na bibi yetu aliyekuja kututembelea kutoka Mwanza. Alipoonja ya kondoo alitabasamu. "Hii ndiyo ina mafuta, wajukuu zangu. Yale maziwa mnayonitilia kwenye chai ni maji ya kunawia."

Tulicheka. Tulipofika nyumbani tukasoma pakiti: mafuta asilimia 1.5. Kicheko kikaisha.

Maziwa hayafanani. Ya ng'ombe wa Friesian huwa na mafuta karibu asilimia 4. Ya ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu mara nyingi hukaribia 5. Ya kondoo hufika 6 au 7, ya nyati wa maji 7 au 8. Ya ngamia ni kama 3 na nusu, na ya punda aghalabu hayafiki 2. Ya mbuzi hulingana na ya ng'ombe, lakini chembe zake za mafuta ni ndogo, hazipandi juu upesi kuwa malai. Mtazamaji hudhani ni mepesi, kumbe macho yamemdanganya.

Udanganyifu huo uliwasumbua hata Wabelgiji. Zamani maziwa yaliingia Brussels kwa mikokoteni iliyovutwa na mbwa, na katika miji mingi ya Ulaya wachuuzi waliyaongeza maji. Ubelgiji ilitunga sheria dhidi ya vyakula vya kughushi mwaka 1890. Mwaka uliofuata Mswisi Niklaus Gerber alitoa kipimo chake: maziwa hutiwa asidi kali ndani ya kichupa, huzungushwa kwa kasi, na mafuta hupanda shingoni penye alama za kusomea.

Tangu hapo mafuta yakawa fedha yenye hesabu. Nchini Kenya walowezi walianzisha ushirika wao wa KCC mwaka 1925, wakiuza krimu ya kutengenezea siagi. Wakulima Waafrika walisubiri hadi mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo mlango wa ng'ombe wa kigeni ulipoanza kuwafungukia. Ng'ombe wao wa asili alihesabiwa kuwa hana faida, kwa sababu alipimwa kwa lita.

Lakini wazee wetu walikuwa na kipimo chao, nacho ni kibuyu. Maziwa yaliyoganda yalisukwasukwa mpaka siagi ikajitenga, kisha ikachemshwa kuwa samli. Aliyesuka kila siku alijua ng'ombe gani ana mafuta na msimu gani yanapungua. Samli ya Benadir ililiwa Zanzibar, na ya kanda ya Ziwa Victoria ikawa bidhaa ya biashara enzi za Waingereza. Bibi alikulia katika kazi hiyo.

Tuseme ukweli wote: Friesian aliyelishwa vizuri hutoa lita nyingi kiasi kwamba jumla ya mafuta yake humshinda ng'ombe wa kienyeji mbali sana. Mkulima aliyembadilisha ng'ombe wake hakukosea. Ila Bibi hakuzungumzia ndoo. Alizungumzia kikombe, na kwa kikombe alikuwa na haki. Hata maziwa yanayoitwa kamili katika maduka ya hapa, kwa kanuni za Ulaya, yanatosha yakiwa na asilimia 3.5 tu.

Kinachotuuma si chai. Ni kwamba tuliamini maandishi ya pakiti kabla ya kuamini ulimi wa mtu aliyesuka kibuyu zaidi ya miaka hamsini. Bibi amesharudi Mwanza. Safari ijayo tukimpigia simu, tutamwuliza ng'ombe gani alikuwa na mafuta kuliko wote, na mara hii tutaandika.