Vishazi Tegemezi na Historia ya Mji: Maandishi ya André Yav, 1965

Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani huko Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, kilitoa historia ya mji huo iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha Katanga. Anwani yake, Vocabulaire de Ville de Elisabethville, ni ya Kifaransa. Sauti yake ni ya wafanyakazi. Johannes Fabian, aliyeichapisha upya mwaka 1990, alikabiliwa kwanza na swali la kisarufi: sentensi inaanzia wapi na kuishia wapi? Nafasi baina ya maneno na alama za vituo hazikufuata kaida ya vitabu. Ilibidi Kalundi Mango ayasome maandishi hayo kwa sauti, ndipo mipaka ikasikika.

Wapo waliodai kwamba Kiswahili kinachosemwa kuanzia Lubumbashi hadi Mitwaba hakina sarufi, kwa kuwa kimeacha kirejeshi cha ndani ya kitenzi. Dai hilo halisimami. Pale Kiswahili sanifu kisemapo "watu waliofika", Lubumbashi husema "bantu benye balifika". Utegemezi haukupotea, umehama kutoka katika kitenzi na kukaa katika neno la pekee, kama sanifu yenyewe ifanyavyo kwa "ambao". Vivyo hivyo, mahali pa "kwamba" Lubumbashi hutumia "asema". Tukumbuke kuwa "kwamba" na "amba-" vyatokana na kitenzi cha kale "kuamba", yaani kusema. Njia ni moja. Ila sanifu imekwisha kuisahau asili hiyo, na Katanga ingali inaisikia.

Kwa vishazi vya sababu, wasemaji wa Lubumbashi hutumia pia viunganishi vya Kifaransa. Vincent de Rooij alionyesha mwaka 1996 kuwa viunganishi hivyo hupanga mazungumzo mazima, wala si mapambo tu.

Jambo hili lina uzito kwa mwanahistoria. Mhariri anapoweka nukta, huamua lipi ni tukio na lipi ni sababu yake. Akikosea kishazi, huenda akambebesha mtumishi tendo la bwana. Kwa hiyo, kabla ya kusahihisha maandishi ya watu hawa, hatuna budi kujifunza sarufi waliyoyaandikia.