Haini wa Ngome ya Mombasa

Msomaji, ukipita jioni katika vichochoro vya Kibera, au ukishuka katika kituo cha mwisho cha matatu pale Kawangware, huenda ukawaona vijana wa rika lako wamejikusanya katika kibanda cha michezo, macho yao yameganda juu ya kioo cha kompyuta. Huenda nawe ukawa miongoni mwao. Upo mchezo wa kujenga ngome mfano wa zile za Ulaya ya zama za kati: mchezaji hujenga kuta, huchimba handaki, huweka akiba ya nafaka na kuwapanga wapiga upinde juu ya minara. Na katika michezo ya namna hiyo hakosi kuwamo kabaila mmoja mwovu, mwembamba wa uso, mwenye maneno matamu, aapaye leo na kuvunja kiapo kesho. Huyu si mtu wa kuvunja lango kwa gogo. Yeye hungoja afunguliwe lango, akaribishwe ndani, kisha ndipo achomoe kisu.

Kabaila wa mchezo hana utoto. Aliyemchora alimpa sura ya haini tangu siku ya kwanza, wala hakuna mchezaji aulizaye baba yake alikuwa nani au alikula chumvi ya nani. Lakini haini wa kweli alizaliwa na mama kama mimi na wewe. Nataka nikusimulie habari za mmoja aliyeishi katika nchi yetu hii, ambaye ngome yake ingali imesimama, safari ya saa tano au sita kwa gari moshi kutoka Nairobi. Waswahili walimwita Yusuf bin Hasan. Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia. Shika vema majina hayo mawili, kwa maana kisa chote kimo ndani yake.

Kwanza yakupasa kuijua ngome yenyewe. Vasco da Gama alipofika pwani yetu mwaka 1498, Mombasa haikumpokea kwa moyo mweupe, lakini Malindi ilimpokea. Tangu hapo Malindi ikawa rafiki wa Wareno na Mombasa ikawa adui yao, na mji wa Mombasa ulitekwa na kuharibiwa mara kwa mara: mwaka 1505, tena 1528, tena 1589. Mwishowe Wareno waliona heri kukaa hapo hapo. Mwaka 1593 walianza kujenga ngome juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati, nao wakaiita Ngome ya Yesu. Ukiitazama kutoka juu, utaona kwamba umbo lake lakaribia umbo la mtu aliyelala chali amenyosha mikono na miguu. Kuta zake ni nene, na pembe zake zimepangwa hata kila ukuta waweza kulindwa na mizinga ya ukuta mwingine. Mjenzi alifikiri juu ya kila adui atakayekuja kutoka nje.

Mfalme wa Malindi, aliyekuwa rafiki wa siku nyingi, alihamishiwa Mombasa na kupewa enzi ya mji huo. Baada yake alitawala mwanawe Hasan. Hapo ndipo urafiki ulipoanza kuoza. Makapteni wa ngome hawakuwa watu wa kukaa. Kila mmoja alikuja kwa miaka michache, naye alitaka kurudi kwao akiwa tajiri. Mfalme alikuwa na haki yake katika ushuru na biashara, na haki hiyo ilikuwa ikimegwa kidogo kidogo. Ugomvi ukawa mkubwa kati ya Hasan na kapteni Manuel de Melo Pereira, hata mwaka 1614 mfalme akaona maisha yake yamo hatarini, akavuka kwenda bara kutafuta hifadhi kwa Wamusungulo, ambao Wareno waliwajua kuwa wenyeji wa nchi ya nyuma ya Mombasa. Wareno waliwahonga wenyeji hao. Wakamwua mgeni wao, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno katika Bara Hindi.

Simama hapa kidogo, msomaji. Mtu amekimbilia mlango wa mwenzake, amepewa mahali pa kulala, kisha ameuzwa. Ukimtafuta haini wa kwanza katika kisa hiki, umekwisha kumpata, naye si Yusuf. Yusuf wakati huo alikuwa mtoto wa miaka saba hivi.

Mtoto huyo naye alipelekwa Goa, mji ule ule uliopokea kichwa cha baba yake. Alilelewa na watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, akafundishwa kusoma na kuandika Kireno, akabatizwa na kupewa jina jipya. Alijifunza pia kazi ya bahari na silaha. Wareno walimheshimu sana, au walionekana kumheshimu: walimtia katika Daraja la Kristo, chama cha mashujaa wa kikabaila wa Ureno, na alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi walimrudisha Mombasa avae taji la baba yake. Huo ulikuwa mwaka 1626. Alikuja kwa merikebu, amevaa mavazi ya Kizungu, na mwaka uliofuata alipeleka waraka wa utii kwa Papa huko Roma.

Wareno waliona wamepata mfalme kamili, mweusi wa ngozi na Mreno wa moyo. Lakini fikiri jinsi alivyokaa pale Mombasa. Waislamu wa mjini walimwona kama Mreno. Wareno wa ngomeni walimwona kama mtu wa pwani tu, wala kapteni hakuona haya kumnyenyekesha. Taji alikuwa nalo kichwani, na funguo za ngome zilikuwa katika kiuno cha mtu mwingine. Sijui kama yuko mpweke apitaye mfalme wa namna hiyo.

Alianza kwenda usiku kwenye kaburi la baba yake. Akasali pale, si kwa sala alizofundishwa na watawa, bali kwa sala za Kiislamu. Mtu mmoja akamwona, habari zikamfikia kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na kapteni akakusudia kumkamata na kumpeleka Goa ahukumiwe. Yusuf naye akapata habari hizo mapema. Basi pande mbili zilikuwa zikifichana nia, kila mmoja akimwamkia mwenzake kwa tabasamu.

Katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Mariamu, Yusuf alikwenda ngomeni na watu wake kama mtu aendaye kumzuru kapteni. Lango likafunguliwa. Nani angemfungia mlango mfalme, Mkristo, mwanachama wa Daraja la Kristo? Alipofika mbele ya kapteni alimchoma kwa jambia, akafa, na watu wake wakawaangukia walinzi. Ile mizinga yote iliyotazama bahari haikupata nafasi ya kulia. Ngome iliyojengwa kwa miaka mingi ilianguka kwa muda wa kusema salamu.

Laiti kisa kingekwisha pale, tungeweza kusema kwa wepesi kwamba alilipa kisasi cha baba yake, jicho kwa jicho. Hakikuisha. Wareno wa mjini, pamoja na Waafrika waliobatizwa, walikimbilia nyumba ya watawa. Walikaa humo siku kadhaa, kisha wakauawa: wanaume, wanawake, na watoto. Walitakiwa kuiacha dini yao, na wengi walikataa. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwa wamezaliwa bado siku Hasan alipouzwa. Mimi sioni namna ya kumtetea Yusuf mahali hapa, wala sitaki kuitafuta. Wapo watu wamwitao shujaa wa kwanza wa kupigania uhuru wa pwani, na twaweza kuelewa kwa nini. Ila sharti wasome kisa hiki chote, pamoja na ile nyumba ya watawa.

Hata hivyo yakupasa kuuliza jambo moja: twayajuaje hayo? Mwaka uliofuata wakuu wa Kanisa huko Goa walikusanya ushahidi wa waliosalimika ili kuwatambua waliouawa kuwa mashahidi wa dini. Ushahidi huo ni wa thamani kubwa, nami nauamini katika mengi. Lakini ni ushahidi wa upande mmoja. Kifo cha Hasan hakikufanyiwa uchunguzi wa namna hiyo. Hakuna aliyeketi na kalamu na kumwuliza mjane wake aliona nini.

Ninyi mnaokaa Kibera mna habari nyingine ya ngome, iliyo karibu zaidi na milango yenu. Mwajua kwamba mtaa wenu ulianza kama makao ya Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, na kwamba jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ilitangaza ardhi hiyo rasmi kuwa ya askari hao. Miaka ishirini na moja kabla ya hapo, Oktoba 1897, baadhi ya askari wa Kisudani walioko Uganda waliasi na kuishika ngome ya Lubwa huko Busoga, kando ya ziwa Viktoria. Mkuu wao, Meja Thruston, alisema Kiarabu vizuri na aliwaamini kama wanawe. Aliingia ngomeni kuwasihi. Walimkamata, na baadaye wakamwua pamoja na Wazungu wengine wawili. Vitabu vya Waingereza vililaani uhaini huo kwa maneno makali. Maneno machache zaidi yalitumika juu ya mshahara mdogo uliocheleweshwa, na juu ya askari waliotolewa vita hivi na kutiwa vita vile bila kupumzika, kisha wakaamriwa safari nyingine ya mbali. Wenzao wengi walibaki waaminifu, wakatumwa kupigana na ndugu zao.

Turudi Mombasa. Januari 1632 merikebu kutoka Goa zilifika chini ya Francisco de Moura kuitwaa tena ngome. Yusuf alikuwa amejifunza vita kwa Wareno wenyewe, akawazuia kwa mizinga yao wenyewe, na mwezi wa Machi wakaondoka bila kitu. Lakini alijua watarudi. Mwezi wa Mei aliiharibu ngome, akachukua mizinga aliyoweza kuichukua, akapanda merikebu aliyoiteka kwa Wareno, akaenda zake. Wareno walirudi baadaye mwaka huo huo wakaikuta tupu. Yeye aliishi miaka iliyobaki kama haramia, mara Arabuni, mara kandokando ya Madagaska na Visiwa vya Ngazija, akizisumbua merikebu za waliomlea. Alikufa mwaka 1638 katika Bahari ya Sham, karibu na Jidda, akiwa hajatimiza miaka thelathini na mitano. Alikuwa mfalme wa mwisho wa nasaba ya Malindi kutawala Mombasa.

Ngome ile ilizoea desturi hiyo ya jambia. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na waliomo ndani waliangamizwa na njaa na maradhi zaidi kuliko risasi. Mwaka 1746 liwali Muhammad bin Uthman wa ukoo wa Mazrui aliuawa humo ndani na watu waliotumwa kutoka Omani, waliojifanya maadui wa bwana wao ili wakaribishwe. Mwaka 1837 wakuu wa Mazrui hao hao waliitwa kwa amani na Khalid, mwana wa Seyyid Said. Wakakamatwa, wakasafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi, wasirudi tena. Seyyid Said katika vitabu vingi ni mtawala mwerevu, mpanda karafuu, mwenye siasa ya upole. Mbona hakuitwa haini? Jibu la swali hilo nakuachia ulitafute mwenyewe darasani, ukibishana na wenzako.

Chama chenu cha historia kikipata nauli ya kwenda Mombasa, msikimbilie mizinga kama wafanyavyo wageni wengi. Inueni macho juu ya lango kabla ya kuingia. Pale pana maandishi ya Kireno yaliyochongwa mwaka 1639 kwa sifa ya Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Maandishi yaeleza kwamba aliijenga upya ngome, akawatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme dhalimu, akazibomoa kuta za Pate na Siyu, akawaua wakubwa wa Pemba kwa amri yake mwenyewe, akawaadhibu Wamusungulo, wale wale ambao Wareno waliwalipa kwa kichwa cha Hasan. Kwa ajili ya kazi hizo alifanywa kabaila wa nyumba ya mfalme wa Ureno. Na kabla ya hapo, lasema jiwe, alikuwa amekwisha kuingizwa katika Daraja la Kristo, lile lile alilovalishwa Yusuf. Jina la Yusuf halikuandikwa hapo, wala lile la Kireno.