Msalaba wa Chuma na Sumaku

Sisi wa Likasi tumekulia kwenye shaba. Kwa habari ya madini hatudanganywi upesi. Basi na tuutazame Msalaba wa Chuma, nishani ya askari wa Kijerumani, ambayo watu wengi duniani huikusanya, na walaghai huiiga ili waiuze.

Ule wa vita vya 1939–45 kwa kawaida una moyo wa chuma wenye rangi nyeusi, na pindo la fedha lililolehemiwa kuuzunguka. Sumaku huuvuta. Wa bandia mara nyingi ni kipande kimoja kilichomiminwa, na pindo lake ni rangi tu. Lakini sumaku pekee haitoshi, maana michache ya kweli ina moyo usio wa chuma. Alama nazo husema: wa 1914 una taji na herufi W, wa 1939 una swastika, na sheria ya Ujerumani Magharibi ya 1957 iliiondoa swastika, ikaweka majani ya mwaloni.

Nishani hiyo ilifika hata Kongo. Mwaka 1964 Tshombe aliita askari wa kukodiwa wapigane na Simba, nao wakakusanyika Kamina, huku huku Katanga. Mmoja wao, Siegfried Müller, aliyekuwa askari wa Hitler, aliuvaa kifuani msalaba aliopewa katika vita vya Ulaya, akapigwa picha nao. Mkusanyaji angeulipia fedha nyingi. Sisi tungewauliza kwanza watu wa vijiji alimopita. Mwaka 1966 filamu ya Ujerumani Mashariki ilimwonyesha akisimulia vita vyake vya Kongo, huku akicheka.