Kuvutishwa Sigara

Fomu ya kliniki iliuliza: "Mgonjwa anavuta sigara?" Mgonjwa ni mpwa wangu, umri miaka 4, kifua kinapiga filimbi na mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Dada akaandika "Hapana." Hakusema uongo. Lakini kila jioni babu yake humpakata barazani, sigara mkononi, na moshi wa ile ncha inayoungua humpanda mtoto usoni.

Hali hii Wajerumani waliipa jina tangu miaka ya 1930, kwa kalamu ya daktari Fritz Lickint: Passivrauchen. Kwetu imezoeleka kuandikwa "uvutaji usio wa moja kwa moja". Silipendi. Linasikika kama jambo hafifu, la mbali, ilhali moshi unaingia pafuni moja kwa moja kabisa.

Mtu anaweza kushawishika kusema "moshi wa mtumba". Lakini nguo ya mtumba imeshavaliwa na mwingine, na sehemu kubwa ya moshi unaotanda chumbani haijapita kifuani mwa yeyote: hutoka kwenye ncha ya sigara, bila hata kupita kwenye kichungi. Tena mtumba tunauchagua wenyewe pale mnadani.

Mimi nasema kuvutishwa. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa pumzi na kwa sigara: vyote tunavivuta. Mtoto hawezi kuacha kuvuta pumzi, basi penye moshi ameshavuta vyote viwili. Mtoto hula, hulishwa uji. Vivyo hivyo huvutishwa moshi. Neno lenyewe linadai kujua nani anayemvutisha.

Na liko neno la pili la kunyoosha. Husemwa, "Ana mzio wa sigara." Mzio, kwa asili, ni chakula ambacho mtu hali kwa sababu kinamdhuru au ni mwiko kwao. Waganga wa leo wameliazima kwa maana nyingine: kinga ya mwili inapoidhania chavua au vumbi la godoro kuwa adui, ikatengeneza kingamwili, na seli zikamwaga histamini. Hapo ndipo chafya, pua kuwasha na kamasi za maji. Moshi wa sigara kwa kawaida haupiti njia hiyo. Wenyewe ni kiwasho: huchubua utando wa pua na koo, na hudhoofisha vinyweleo vidogo vinavyofagia kamasi na vumbi kutoka kwenye njia ya hewa.

Tofauti hii ni kubwa. Tukiuita mzio, tunamfanya mtoto ndiye mwenye kasoro, kana kwamba wengine moshi hauwadhuru. Unawadhuru wote, na mwenye mzio humwongezea juu ya alichonacho. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwakalisha watu wenye mzio wa chavua kwenye moshi wa sigara kwa saa 2, kisha wakawatia chavua puani. Kingamwili na histamini zilipanda zaidi kuliko walipovuta hewa safi kabla ya chavua ileile.

Kwa mwenye pumu, njia za hewa zimeshavimba kabla moshi haujafika. Ukifika, uvimbe unazidi, misuli inabana, kamasi zinaziba. Na mgonjwa anayevuta sigara mwenyewe, dawa ya steroidi ya kuvuta humsaidia kidogo kuliko asiyevuta. Dawa nayo tunaivuta; njia ni moja.

Tukiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani nilimuuliza dada, "Mtoto anavutishwa?" Alikaa kimya mpaka tukavuka reli. "Na baba," akasema. "Jioni."

Jioni ile alimpa mzee shikamoo, akamchukua mtoto mapajani mwake. "Baba, unamvutisha huyu."

"Mie? Nimvutishe mjukuu wangu?"

Aliitazama sigara kwa muda, kisha akainama akaizika mchangani.