Historia ya Safura na Mtu Asiyejiona Mgonjwa



Kila dawa ya minyoo inapotajwa, husikika jawabu moja: "Mimi siumwi, wapeni watoto." Jawabu hilo ni la kale, na historia yaonyesha kasoro yake.

Mnyoo wa safura uligunduliwa na tabibu Angelo Dubini katika mji wa Milan, mwaka 1838. Njia yake ya kuingia mwilini haikujulikana hata miaka ya 1890, Bwana Arthur Looss alipomwagikiwa mkononi, huko Cairo, na maji yenye wana wa mnyoo huo. Ngozi ilimwasha, na baadaye mayai ya safura yakaonekana katika choo chake. Ikafahamika kuwa mnyoo hupenya ngozi, hasa ya mguu usio na makubadhi, penye mchanga wa unyevu na kivuli, kama ule wa chini ya minazi yetu.

Safura hunyonya damu. Ikiwa michache, mtu mzima alaye vizuri hahisi kitu; lakini kila jike hutaga mayai maelfu kwa siku. Asiyeumwa ndiye aipandaye shambani. Mtoto na mama mjamzito ndio waivunao.

Mwaka 1921 Bwana Maurice Hall wa Marekani alionyesha kuwa tetrakloridi ya kaboni huua safura. Lakini dawa hiyo iliweza kudhuru ini, hivyo kumpa asiyeumwa lilikuwa jambo zito. Kidonge kimoja cha albendazoli kimepunguza sana hofu hiyo.

Toka 2015 hata 2017 wataalamu walifanya jaribio Kwale, kusini ya Mombasa, katika makundi 120 ya vijiji. Palipotibiwa watoto shuleni tu, mara moja kwa mwaka, wenye safura walipungua kutoka 18.6 kwa mia hata 13.8. Palipotibiwa watu wote nyumba kwa nyumba, mara mbili kwa mwaka, walipungua kutoka 20.6 hata 6.2.

Tofauti hiyo, wazee wetu, ndiyo sisi tusiojiona wagonjwa. Basi dawa ikiletwa mlangoni, tusiwasukumie watoto peke yao. Mwenye mimba na amwulize daktari kwanza. Waliobaki tumeze, tuvae makubadhi, na kila nyumba iwe na choo. Mtoto hawezi kupona katika mchanga tunaouchafua sisi.