Joseph Knight: Mtumwa aliyemshinda bwana wake katika mahakama za Uskoti

MNAMO Januari 15, 1778, mahakama kuu ya kesi za madai ya Uskoti, iliyoketi jijini Edinburgh, iliamua kwamba sheria za nchi hiyo hazikubali binadamu kumilikiwa na mwenzake. Aliyesababisha uamuzi huo ni Joseph Knight, Mwafrika aliyenunuliwa akiwa bado mtoto, ambaye alithubutu kumwacha bwana wake na kwenda kutafuta maisha yake mwenyewe.

Kesi hiyo ya Knight dhidi ya Wedderburn ni miongoni mwa kesi mashuhuri zaidi za enzi ya wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George, waliotawala kwa kufuatana kati ya 1714 na 1830.

Uskoti na England ziliungana mnamo 1707 na kuwa na bunge moja jijini London. Hata hivyo, mkataba wa muungano huo uliihifadhi sheria ya Uskoti pamoja na mahakama zake. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa majaji wa England haukuwafunga majaji wa Edinburgh. Suala la utumwa lilibidi waliamue wao wenyewe.

Mkimbizi aliyegeuka tajiri

Bwana wa Knight, John Wedderburn, alikuwa mwana wa ukoo wa kifahari ulioanguka. Babake alijiunga na uasi wa 1745, uliokusudia kuirejesha familia ya Stuart katika ufalme. Waasi walishindwa katika vita vya Culloden mnamo Aprili 1746, naye mzee huyo akanyongwa jijini London mwaka huo huo kwa kosa la uhaini.

Kijana Wedderburn alitorokea Jamaica, koloni la Uingereza lililotegemea mashamba ya miwa na kazi ya watumwa kutoka Afrika. Huko aliupata tena utajiri ambao ukoo wake ulikuwa umeupoteza.

Mnamo 1765 hivi, alimnunua mvulana aliyekuwa ameletwa Jamaica kwa meli ya watumwa kutoka Afrika Magharibi. Hata jina la ukoo ambalo mvulana huyo alifahamika kwalo halikuwa lake, bali lilikuwa la nahodha wa meli hiyo. Wedderburn hakumpeleka shambani, bali alimfanya mtumishi wa nyumbani.

Wedderburn aliporejea Uskoti mwishoni mwa muongo huo, alikwenda naye na hatimaye wakaishi katika makao yake ya Ballindean, jimboni Perthshire. Huko Knight alibatizwa, na akafunzwa kusoma na kuandika.

Habari ya gazetini

Elimu hiyo ndiyo iliyombadilishia maisha. Mnamo 1772, Knight alisoma gazetini habari za kesi ya James Somerset, mtumwa aliyekuwa amemtoroka bwana wake jijini London, akakamatwa na kufungwa katika meli iliyokuwa ikielekea Jamaica.

Jaji Mkuu wa England, Lord Mansfield, ambaye mwenyewe alizaliwa Perthshire, aliamua kwamba bwana hakuwa na mamlaka ya kumtoa Somerset nchini kwa nguvu ili akauzwe ng'ambo. Lakini hakusema bayana iwapo mtu wa aina hiyo alipaswa kuendelea kumtumikia bwana wake akiwa England.

Wakati huo Knight alikuwa amependana na Annie Thomson, mtumishi katika nyumba hiyo hiyo, na baadaye wakaoana. Annie alifutwa kazi alipopata mimba. Sasa Knight alikuwa na jamaa ya kukimu bila mshahara wa kuikimu. Mnamo 1773 aliamua kuondoka, na Wedderburn akaagiza akamatwe.

Mahakimu wa eneo hilo walimuunga mkono Wedderburn. Knight hakukata tamaa. Alipeleka malalamishi yake kwa mahakama ya jimbo la Perthshire, ambako hakimu John Swinton aliamua mnamo 1774 kwamba sheria za nchi hazikuitambua hali ya utumwa. Safari hii ni Wedderburn aliyekata rufaa, na kesi ikafika Edinburgh.

Hoja za mawakili

Mawakili wa Wedderburn walidai kwamba mteja wao alikuwa amepata haki zake kihalali chini ya sheria za Jamaica, na kwamba haki hizo hazikufutika kwa kuvuka bahari. Aidha, walishikilia kwamba hata kama Knight hangeitwa mtumwa nchini Uskoti, bado alikuwa na wajibu wa kumtumikia bwana wake maisha yake yote.

Upande wa Knight ulijibu kwamba mtoto aliyeuzwa bila hiari yake hakuwa ameingia katika mkataba wowote, na kwamba sheria ya koloni haikuwa na nguvu nje ya koloni hilo. Miongoni mwa waliomtetea ni Allan Maconochie, John Maclaurin na Henry Dundas, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa serikali nchini Uskoti. Mwandishi maarufu wa kamusi, Samuel Johnson wa London, naye alitunga hoja ya kumtetea Knight na kumkabidhi rafikiye, wakili James Boswell.

Majaji wanane walimuunga mkono Knight huku wanne wakipinga. Kati ya waliomuunga mkono ni Lord Kames, mwanafalsafa mashuhuri wa sheria, pamoja na Lord Auchinleck, babake Boswell. Rais wa mahakama hiyo, Robert Dundas, alikuwa miongoni mwa waliopinga.

Mahakama ilisema kwamba mamlaka aliyojitwalia Wedderburn kwa sheria ya Jamaica yalikuwa ya dhuluma, na hayangeweza kutiliwa nguvu nchini Uskoti kwa kiwango chochote. Kwa hivyo, Wedderburn hakuwa na haki ya kudai utumishi wa Knight hata kwa siku moja, wala ya kumpeleka nje ya nchi bila ridhaa yake. Hapa ndipo uamuzi wa Edinburgh ulipouzidi ule wa London.

Nchi yenye sura mbili

Hata hivyo, hukumu hiyo haikuwagusa maelfu ya watumwa waliomilikiwa na Waskoti ng'ambo. Wafanyabiashara wa Glasgow walikuwa wametajirika kutokana na tumbaku na sukari iliyozalishwa na watumwa, na hadi leo baadhi ya barabara za jiji hilo zina majina ya matajiri hao. Wedderburn mwenyewe hakupoteza mashamba yake.

Ndani ya Uskoti nako, wachimbaji wa makaa ya mawe na wapika chumvi walikuwa wamefungwa na sheria ya 1606, iliyowazuia kuwaacha waajiri wao bila idhini. Bunge lilianza kuwalegezea minyororo hiyo mnamo 1775, na kuikata kabisa mnamo 1799. Yumkini ndiyo sababu wachimbaji na wapika chumvi wa Fife walikuwa wamechanga pesa miaka michache kabla ya kesi ya Knight, kumsaidia mtumwa mwingine, David Spens, kulipia gharama za kesi yake. Kesi hiyo ilikatizwa na kifo cha bwana wake kabla ya kuamuliwa.

Henry Dundas, aliyemtetea Knight kwa ufasaha, ndiye pia aliyependekeza bungeni mnamo 1792 kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe polepole. Biashara hiyo haikupigwa marufuku hadi 1807, na wanahistoria wangali wanabishana kuhusu lawama anayostahili. Utumwa wenyewe ulifutwa katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza kwa sheria ya 1833, iliyoanza kutumika Agosti 1, 1834. Pauni milioni 20 zilitengwa kuwafidia wamiliki, huku watumwa wakiambulia patupu.

Joseph Knight hakuacha kitabu wala picha, na baada ya ushindi wake anatoweka katika kumbukumbu za umma. Lakini uamuzi wake ulibaki kuwa sheria: kwamba dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu tu imeandikwa katika vitabu vya sheria vya nchi nyingine, na kwamba mahakama inayoombwa kuitekeleza ina uwezo wa kukataa.