Presha Sugu: Kutoka Kisu hadi Katheta

Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha vipimo vya watu wapatao 1,000 wa eneo la Kisii, Kenya: presha yao haikupanda na umri kama ya Wazungu. Miaka 51 baadaye Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza jinsi watu wa Kenya na Uganda walivyotoka kwenye presha ya kawaida hadi presha ya juu kati ya 1928 na 1978.

Wakati huo tiba ilikuwa imeshapita njia ndefu. Kabla ya vidonge vya kutegemewa, Reginald Smithwick wa Boston aliwapasua wagonjwa mgongoni na kukata mishipa ya fahamu inayoelekea kwenye figo na viungo vingine vya tumbo. Presha ilishuka kwa wengi, lakini baadhi yao walizimia waliposimama. Vidonge vilipopatikana, kisu kiliwekwa kando.

Wazo la kuizima mishipa hiyo lilifufuka Melbourne, Australia, mwaka 2007, kwa wagonjwa wenye presha sugu. Daktari huingiza katheta, yaani mpira mwembamba, kwenye ateri ya kinena, akaisukuma hadi ateri ya figo, kisha akaunguza kwa mawimbi ya redio mishipa ya fahamu iliyouzunguka ukuta wake. Mwaka 2014 matumaini yalitikisika: katika utafiti wa wagonjwa 535 nchini Marekani, walioingiziwa katheta bila kuunguzwa mishipa walipata nafuu inayokaribiana na ya wenzao. Vifaa vikaboreshwa, majaribio yakarudiwa, na Novemba 2023 Marekani ikaidhinisha vifaa viwili.

Kampala ina Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1988, na madaktari wake wamezoea katheta. Hata hivyo, presha huitwa sugu pale tu inapokataa kushuka ilhali mgonjwa anameza dawa tatu kwa dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kukojoza. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta presha ya juu kwa asilimia 26.4 ya watu wazima wa Uganda. Kati ya hao wenye presha, waliojua kuwa wanayo ni asilimia 7.7 tu.

Asiyepimwa hawezi kutibiwa, na presha ya asiyepata vidonge kila mwezi haiwezi kuitwa sugu. Katheta ikaribishwe Kampala, lakini mashine ya kupimia presha na dawa zisizokatika vitangulie katika kila kituo cha afya. Hapo ndipo tutawajua wanaoihitaji kweli.